Kaka zangu wamenifuta kwenye karakana ya baba, sasa wanataka jembe langu

Admin, nifichie jina. Kaka zangu wakisoma watajijua, na wajijue.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, nina kibanda cha kuchomelea mageti hapa Kinoru. Baba yetu alikuwa na karakana ya majembe na mapanga kule Kanyakine. Kaka zangu wawili waliogopa moto. Mimi ndiye niliyesimama na baba miaka kumi na mmoja, akanifundisha siri yake: jembe la moto ukishalizamisha majini, lirudishe motoni kidogo, la sivyo litavunjika kama kigae.

Baba alipofariki, hata maua ya kaburi hayajanyauka, kaka mkubwa akaniambia, "Wewe utaolewa. Hii ni ya wanaume wa hii boma." Mama akainamisha kichwa. Niliondoka na glavu zangu tu.

Sasa Jumamosi wanasherehekea kumbukumbu ya kuanzishwa kwa karakana. Wamechora historia yake ukutani: baba, halafu wao wawili. Mimi simo, hata kivuli. Na majembe yao siku hizi yanapinda na kuvunjika. Wakulima wa Runyenjes wameanza kuyarudisha. Basi juzi kaka huyohuyo akaja kwangu na mkate na tabasamu. "Siz, tutengenezee jembe moja tu, ile ya kupiga kwa jiwe wageni waone haivunjiki. Nitakuja kuichukua mwenyewe, watu wasijue imetoka kwako."

Watu wasijue! Nikacheka, nikasema sawa. Nililitengeneza likang'aa, nikagonga alama ya baba, ila sikulirudisha motoni. Likigusa jiwe litapasuka, na kaka atabaki ameshika mpini mbele ya wageni wake. Jamani, nilifurahi mpaka nikaimba.

Jana mama akapiga simu, sauti imejaa furaha. "Wamesema ni mimi nitapiga hiyo jembe kwa jiwe, tukumbuke baba yenu. Nimeshonesha nguo mpya."

Nilikata simu nikalia kwa hasira. Siku nilipofukuzwa, yeye alinyamaza, na hilo sijamsamehe. Lakini ni mama yangu, na aibu ya jembe hilo itamwangukia yeye kwanza.

Leo nimetengeneza la pili, hili nimelirudisha motoni, zima kabisa. Yote mawili yako hapa mezani, kwa macho huwezi kuyatofautisha, na kaka anakuja kesho asubuhi. Nishaurini, nimpe lipi?