Fundi wa Basotu na babu aliyepinduka

Saa nne asubuhi, Jumamosi. Marieta Tluway anakaza skrubu ya laptop ya mwalimu katika chumba chake kimoja karibu na soko la Basotu, wilayani Hanang, mara mlango unaingia giza. Amesimama mzee ambaye hajawahi kumwona. Amevaa mgolole, ana fimbo, na kwapani amebeba kitu kilichofungwa kwa ngozi ya ndama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mzee anachungulia nyuma ya mlango, kisha chini ya meza. Hakuna mwanaume. Anakaa.

"Basi sawa. Huyu mgonjwa wangu ni bubu, kipofu, na hasikii la mtu."

Mzee ni Gidahosh, mfugaji wa Hirbadaw. Laptop aliletewa na binti yake, Loveness, muuguzi mkoani Lindi, ili wawe wanaonana. Ilipogoma kuwaka, kijana mmoja mnadani "aliipiga window", yaani aliiwekea mfumo upya. Ikawaka vizuri. Ila haina sauti, haina kamera, na haikamati mtandao.

Marieta, mwenye umri wa miaka 31, hukutana na ugonjwa huu karibu kila wiki.

"Watu wakiona skrini inawaka wanadhani kazi imeisha," anasema. "Bado draiva. Draiva ni mkalimani. Spika zipo, kamera ipo, lakini ukipiga window upya wakalimani wote wanafukuzwa. Hakuna anayeelewana na mwenzake."

"Kama mimi na mkwe wangu," mzee anadakia. "Kiswahili chake kinakimbia kama swala."

Mkwe huyo ndiye aliyemleta mbio. Loveness amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza. Katika ukoo wa Gidahosh, babu hataji jina la mtoto kabla ya kumwona uso na kusikia sauti yake, na jina hilo husikiwa kwanza na watu wa damu tu. Mkwe amesubiri mwezi mzima. Sasa amesema mwisho ni Jumapili saa tisa. Jumatatu anakwenda kumwandikisha mtoto kwa jina la kwao.

"La babu yake mvuvi," mzee anasema kwa huzuni. "Mtoto wa ng'ombe aitwe jina la samaki."

Marieta anaigeuza laptop ili asome toleo lake kwenye karatasi iliyobandikwa chini. Vidole vinateleza.

"Mzee, hii ni nini?"

"Samli. Mama Loveness anaipaka kila wiki, isikauke ikapasuka."

"Kila wiki?"

"Ngozi nzuri inataka mafuta."

Karatasi imebakiwa na herufi mbili. Marieta anacheka hadi anashika meza. "Kwa miaka saba nimekuta mende, nimekuta ugali. Samli ni mara ya kwanza. Ila inanukia vizuri."

Ufundi aliuanza kwa kuharibu. Akiwa karani wa parokia kwao Nambis, wilayani Mbulu, alifuta mfumo wa kompyuta ya ofisi akidhani anafuta picha za harusi. Alihangaika wiki mbili kuirudishia sauti. Baadaye alisoma cheti cha kompyuta Babati. Leo, siku ikiwa njema, hupata shilingi elfu ishirini. Siku mbaya hupata elfu tatu na debe la mahindi. Anaweka akiba afungue darasa la wasichana. Anahitaji laptop tano. Anazo mbili, na moja haina kitufe cha herufi A.

Anaunganisha simu yake, iliyovunjika kamera, kwa waya ili mashine ya mzee ipate mtandao. Anarudisha draiva ya mtandao, kisha ya sauti. Kamera, kwa kuwa toleo halijulikani, anaipa draiva ya kubahatisha. Saa kumi wanapiga simu ya majaribio. Loveness anatokea, wima, sauti safi. Kisha anapiga yowe.

"Baba! Mbona unaning'inia kama popo?"

Kamera inampeleka mzee Lindi kidevu juu, kichwa chini.

Gervasi, muuza mitumba wa mlango wa pili, anatoa ushauri. "Mzee asimame kwa kichwa tu, yaishe."

Gidahosh anamtazama mpaka Gervasi anakumbuka kwamba ana wateja.

"Mjukuu hatanijua nikiwa nimepinduka," mzee anasema. "Jina halitolewi na popo."

"Kesho saa tisa utakuwa wima, babu."

"Na nikilitaja, utatoka nje. Mpaka kwenye ile nguzo ya umeme."

"Nitatoka."

Jumapili baada ya misa Marieta anarudi kazini akiwa amevaa sare mpya ya kwaya, gauni jeupe alilolishonesha kwa shilingi elfu arobaini na tano. Saa kumi kwaya yao inarekodi video kando ya Ziwa Basotu.

"Kila kifaa ndani ya mashine kina namba yake ya utambulisho," anasema, akiinakili namba ya kamera. "Hiyo hata samli haiifuti."

Kwa namba hiyo anaipata draiva yenyewe. Saa tisa kasoro dakika tano picha inageuka. Mzee anajiona kwenye skrini, anapapasa utosi wake. Uko juu.

Simu inaita. Na mvua nayo inaanza, ya mawe, inapiga bati kama ngoma. Loveness anamwinua mtoto mbele ya kamera. Ili jina lisikike Lindi, mzee atalazimika kupiga kelele.

Anamtazama fundi, analitazama gauni jeupe.

"Fundi, mjukuu wangu, mvua hii... wewe ziba tu masikio."

"Nilisema nguzoni, babu."

Marieta anatoka. Barazani wamejibanza mbuzi sita na Gervasi.

"Dada Marieta! Gauni! Video!"

"Na wewe twende. Jina halikuhusu."

Anamshika mkono, wanavuka tope hadi kwenye nguzo. Gauni limemganda mwilini, pindo limekuwa rangi ya udongo. Kwa mbali, kupitia mlango, anamwona mzee amefumbua kinywa, shingo imesimama mishipa. Hakuna neno linalofika.

Halafu, katikati ya mvua, kinatoka mle ndani kilio cha mtoto mchanga, kikali, mpaka mbuzi wanageuka.

"Spika ziko sawa," anasema Marieta, akikamua mkono wa gauni lake.