Trekta Mtoni Siku ya Sabato

Dereva wa trekta ndogo ya ushirika wa Nyansiongo hakuwa akiingia mtoni kabla ya kuchomoa mkanda wa feni, ili feni isiirushie injini maji, na kuuvaa shingoni kama tai ya kanisani. Kisha alikuwa akivua viatu. "Asiyejua kuogelea hujitayarisha kwa lolote," alijicheka. Ng'ambo, kwenye mashamba mapya, alimwambia Mama Bathsheba awachinje tu ng'ombe wake wa plau, zama zao zimekwisha. Ijumaa moja ya mwaka 1966, akiharakisha kurudi kabla jua halijatua, alisahau mkanda. Injini ikalowa, ikazimika katikati ya mto. Ng'ombe wa kuivuta walikuwapo, lakini jua lilikuwa limetua, Sabato imeingia na kazi ni mwiko, na yeye mwenyewe ni shemasi wa Kisabato. Akalala kitini, akilinda mali ya ushirika, au tuseme akiogopa maji.

Asubuhi waumini walivuka wakienda kanisani, wakamkuta bado kitini, kofia mkononi.

"Sabato njema, shemasi," akasema Mama Bathsheba. "Unabatizwa tena?"

"Mimi nilishabatizwa, mama. Leo nimeileta trekta." Akashusha sauti. "Na wale ng'ombe... hujawachinja, sivyo?"