Shamba si Ushago

Juzi ndugu yangu alipigilia bango kwenye ua wetu wa Kitengela: SHAMBA LINAUZWA. Nililisoma mara mbili, nikakumbuka vile nilivyokasirika hapo hapo nikiwa msichana mdogo.

Siku hiyo Baba alisema, "Leo twende shamba." Mimi nilisikia ushago, kwa nyanya yangu huko Ukambani, kwa hivyo nilimbebea pakiti ya majani chai. Tulitoka Rongai, tukashuka Kitengela, tukatembea mpaka udongo mweusi ukashika viatu, vikawa vizito kama mawe. Upepo ulinuka mavi ya kondoo. Baba alisimama kwenye nyasi, katikati ya vigingi vinne.

"Tumefika."

"Na nyanya ako wapi?"

"Nyanya ako ushago. Hii ni shamba."

"Si ni kitu moja?"

Alicheka mpaka akashika tumbo. Nilitupa majani chini nikalia, maana nilijua nimedanganywa. Baba aliokota pakiti, akaipangusa tope kwa shati lake.

"Shamba ni ya kununua, mama. Ushago ni mahali watu wako wamezikwa."

Sikutaka maneno yake. Nilinuna njia nzima mpaka Rongai.

Baba tulimzika hapo hapo Kitengela, karibu na kigingi cha mwisho. Bango la ndugu yangu liko hatua tano kutoka kwa kaburi. Leo nimempigia simu mara tatu, nimwambie ameandika neno lisilofaa.

Hashiki.