Kaka Anasema Nimeiedit Sauti ya Baba

Admin, tafadhali toa jina langu, kwa sababu kaka yangu anafollow hii page na kwa comments hujifanya mshauri wa ndoa za watu.

Mimi ni dada wa miaka 34, niko na mtoto mmoja, sina mume. Ninaishi Kitengela na kazi yangu ni kuedit video za harusi na matanga. Baba alifariki mwaka jana. Miezi michache kabla, kwa sherehe ya shukrani nyumbani, alisimama akasema mbele ya watu kwamba shamba la Bisil ni langu. Nilimrekodi mwenyewe. Halafu nikafanya ujinga: niliibana ile video sana ndio iingie kwa WhatsApp group ya familia, kisha nikafuta ile kubwa.

Video iliyobanwa hivyo haiweki kila picha nzima. Inaweka moja nzima, halafu kwa dakika kadhaa inaweka tu kile kimebadilika. Ukiivuta mbele kwa kidole, simu inarukia picha nzima iliyo karibu, si pale unapotaka. Mtoto wa darasa la nne anaelewa hiyo.

Kaka yangu mkubwa hakuelewa. Huyu anauza mabati lakini huvaa tai kama waziri. Kwa mkutano wa familia alivuta kidole, yakatokea maombi. Akavuta tena, watu wanakata keki.

"Mnaona? Hakuna mahali mzee ametaja shamba."

Nikamwambia, "Iache icheze kutoka kwa maombi. Ni dakika nne tu."

"Wewe, hatuna siku nzima ya kukaa hapa."

Watu wazima tisa walikuwa na muda wa kumaliza mbuzi mzima, lakini dakika nne hawakuwa nazo.

Nikarudi kazini nikaitengeneza, kila sekunde ikapata picha yake nzima. Sikugusa neno hata moja. Jumapili iliyofuata nikavuta kidole mbele yao, Baba akatokea palepale akitaja jina langu. Kaka akatabasamu.

"Juzi hapa ilikuwa inaruka. Leo hairuki. Si umeiedit? Si ndio kazi yako?"

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Kusema ukweli niliwadharau mpaka nikacheka.

Nikamgeukia Mama, ambaye siku hizi anaishi kwa kaka. "Mama, hii maneno ulisikia ama hukusikia?"

Akaangalia chini. "Mimi mambo ya video sielewi, mami."

Ijumaa tunaenda kwa chifu kuandikisha warithi. Ile video ya zamani bado iko kwa simu zao wote, na chifu akikaa dakika nne atamsikia Baba. Lakini pia atamwona Mama, amekaa kando ya Baba, akipiga makofi kwa furaha baada ya jina langu kutajwa.

Kaka simhurumii hata kidogo. Ni Mama. Niicheze aonekane mwongo mbele ya watu, ama niache shamba liende? Nishaurini, na tafadhali musome mpaka mwisho kabla ya kujibu.