Kuni Sita kwa Sufuria Moja

Nilikwenda Ngara kununua msitu. Miaka ile ya wakimbizi kila jiko lilililia mkaa, nami nilikuwa nimesikia kwamba kijiji kimoja upande wa Kabanga kinataka kuuza miti iliyobaki juu ya chemchemi yake.

Alfajiri mimi na dereva wangu tuliondoka Biharamulo na lori lililojaa magunia matupu. Niliyahesabu mara mbili.

Nyakahura tulikunywa chai. Mbele ya hapo vilima vilikuwa vimenyolewa, na kinamama walipishana barabarani na mizigo ya kuni waliyoitoa mbali.

Saa tano tulifika. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Stanslaus, alikuwa uwanjani na watu wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Subiri kwanza, Mama Veneranda ametuletea mashindano."

Mama Veneranda alilima chini ya chemchemi ile. Miti ikiisha, na maji yake yameisha. Yeye na mwenyekiti walikuwa wamekubaliana hivi: sufuria ya maharage ikiiva kwa kuni sita, hakuna shoka tena pale juu. Isipoiva, miti ni yangu. Mpishi alikuwa Spesioza, mkimbizi kutoka Burundi, aliyejifunza kambini kufinyanga jiko la udongo lisilokula kuni nyingi.

Nani ahesabu kuni? Wenyeji hawakuwaamini wakimbizi waliokuja naye, na wakimbizi hawakuwaamini wenyeji. Mama Veneranda akaninyooshea kidole.

"Huyu mchuuzi. Anataka nishindwe, basi hawezi kunipendelea."

Nimebishana bei maisha yangu yote, lakini hapo nikainama kwenye kuni. Nikahesabu: sita. Nikarudia: sita, nyembamba, kavu.

"Maharage yamelowekwa tangu jana!" mzee akalalamika. "Huo ni ujanja."

"Ni ujanja, mzee," akajibu Spesioza. "Ulitaka nipike kwa ujinga?"

Akafunika sufuria, akaweka jiwe juu ya mfuniko. Mzee akafunua achungulie. Alipotaka kufunua tena, Mama Veneranda akamchapa mkono kwa mwiko.

"Kila ukifunua unanilia kuni zangu! Kaa chini."

Saa nane ukuni wa tano ulikuwa majivu. Nikachukua wa sita.

"Huo uache," akasema Spesioza, akanipa harage moja nionje.

Watu wakasogea karibu. Ningesema gumu, lori langu lingejaa. Lakini lilipondeka kabla sijalitafuna.

"Limeiva," nikasema, na vigelegele vikanizibua masikio.

Mzee Stanslaus alikula sahani mbili huku amenuna. Kisha akabeba kopo la rangi na brashi, akapanda kilimani kutia alama miti ili isikatwe. Brashi hakumwachia mtu mpaka mti wa mwisho.

Jioni tulishika njia ya kurudi bila hata gunia moja la mkaa. Nilimwambia dereva kwamba nimeona mabango mengi yakikataza watu kukata miti, na miti ikakatwa hadi nguzo za mabango. Wanawake wale wawili walianza na jiko lenyewe, ndiyo maana watu waliwaelewa.

Dereva akapunguza mwendo.

"Hilo jiko," akauliza, "hata mwanamume anaweza kulifinyanga?"

Nikamwambia ageuze lori tukamuulize Spesioza.