Nilivyompita baba mkwe bila salamu kwa sababu ya dawa ya kwikwi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Kalemie, sina sababu ya kutia chumvi.

Naandika memware, yaani tasnifu ya chuo, ya anthropolojia kuhusu waganga wa asili. Miezi mitatu nimezunguka mtaani na daftari nikiuliza nani huenda kwa mganga.

Hakuna anayekwenda.

Mkali kuliko wote alikuwa Papa Anselmi, mstaafu wa reli, shemasi, na baba wa mchumba wangu. "Miye? Kule siyakanyaga hata siku moya. Andika ivyo."

Nikaandika.

Sasa wiki ile ya kwenda kujitambulisha ukweni, nikashikwa na kwikwi. Siku nne! Vidonge vya hospitali havikusaidia kitu. Nikajiona mbele ya wakwe nikiruka kwenye kiti. Niliogopa sana.

Nikaenda kwa Mama Feza, mganga niliyekuwa namhoji. Nikamwambia ni utafiti tu. Akacheka, akafunga majani ndani ya jani la mgomba kwa mafundo matatu. Mafundo hayo nilishayachora daftarini, ni yake peke yake.

"Mutoto, toka apa mupaka kwako usisalimie muntu. Ukisema neno moya, dawa inakufa."

Wakuu, huku kumpita mtu mzima kimya ni matusi. Wa kwanza kukutana naye alikuwa shangazi wa mchumba, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alinisalimia mara tatu. Nikapita.

Nikaona nikwepe, nikaingia kichochoro cha nyuma ya reli. Uso kwa uso na Papa Anselmi.

Nikasimama. Akasimama. Nikasema moyoni bora dawa ife kuliko ndoa, nikafungua mdomo.

Ndipo nikagundua naye hasemi kitu. Mtu anayesalimia hata mbuzi! Kwapani ana jani la mgomba. Mafundo matatu.

Kwikwi yangu ikasema "kwi". Akatazama mbali, tukapishana.

Jioni ile kwikwi ikaisha. Kama ni dawa au ni mshtuko, sijui.

Jumamosi tukaenda ukweni na wazee wangu. Mambo yakaenda vizuri hadi shangazi aliposimama. "Uyu kijana hana salamu. Alinipita kama muti. Mutoto wetu hatutamupa."

Nikijitetea, nimtaje mganga mbele ya shemasi? Nilijua mke nimemkosa.

Papa Anselmi akakohoa. "Dada, mumuache. Muntu wa kujua kunyamaza ndiyo bwana wa nyumba."

Wakanipokea.

Wakati wa kunisindikiza akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na mu ile daftari yako, uliandika nini?"

"Kwamba hujakanyaga, Papa."

"Iache vile."

Nilichojifunza: ukitaka kujua nani anakwenda kwa mganga, usiulize, hesabu wasiokusalimia.

Ila nina shida. Profesa amerudisha kazi yangu na swali moja kwa wino mwekundu: kama mtaa mzima hakuna anayekwenda, Mama Feza anakula nini?

Harusi bado haijafungwa, wakuu. Nimjibuje?