Jina Nililoliandika Nikiwa Monita

Picha ya mahafali yetu ya kidato cha nne ilirushwa kwenye grupu la darasa nikiwa ndani ya basi huku ughaibuni, Peckham, natoka shifti ya kuhudumia wazee. Tumejipanga mistari mitatu mbele ya bwalo, mashada ya karatasi za kung'aa shingoni. Mimi niko katikati nimebinua midomo, monita mzima. Rafiki yangu, tuliyelala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, hayupo.

Hayupo kwa sababu yangu. Wiki ile ya mwisho mwalimu wa darasa alisikia kicheko wakati wa kujisomea, akanitaka mimi monita nimwandikie jina la mpiga kelele. Aliyecheka ni mimi. Nikaandika jina la rafiki yangu, maana hakuwahi kuadhibiwa, nikajua atasamehewa. Wapi! Alirudishwa nyumbani kumleta mzazi, safari ya kutwa nzima, na aliporudi na mama yake mahafali yalikuwa yamekwisha, sisi tunafagia bwalo. Mama wa watu alikuwa kavaa gauni jipya. Rafiki yangu akaniuliza nani kamtaja. Nikamwambia, "Mwalimu kakuchagua tu. Anakuonea." Uongo huo nao ni wangu, sina wa kumsingizia.

Sasa darasa linapanga kukutana tena kule kule shuleni. Mmoja akapendekeza tumwalike mwalimu, siku hizi mzee, anaumwa, na kila akikutana na mmoja wetu mjini anatuulizia. Rafiki yangu akaandika: "Yule akija, mimi siji. Mama amekufa bila kuniona nikivishwa shada." Wote wakamuunga mkono.

Nikaandika, "Jamani, ni mimi." Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta, mpaka nikapitiliza kituo changu. Nilijiambia niko mbali, wao wataelewana wenyewe. Woga tu huo, nisijipambe.

Nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha kituo nisichokijua, mvua inanyesha, ukaingia ujumbe wa rafiki yangu: "Monita, tuandikie orodha ya waalikwa. Kwa majina tunakuamini wewe."

Nikayaandika yote hapo hapo, langu la kwanza. La mwalimu nikaliacha. Rafiki yangu ndiye aliyetangulia kunishukuru.